Mapepe si mapepo

Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Kabla sijaanza, naomba binti huyu aliyekaa mbele anishikie rula. Dakika 20 zikiisha inyanyue juu, na uiache huko huko hata nikijifanya sioni. Sifanyi mzaha. Saa ya ukutani naiona vizuri, ila hainiambii kitu.

Mimi ni fundi cherehani, na nimeitwa niseme jinsi vitabu vya watu wa aina yangu, wasiotulia na wasiomaliza walichoanza, vilivyonisaidia. Najua kwa nini mnacheka. Sifa zetu mnazijua: "njoo Jumamosi", na ukija Jumamosi unaambiwa vimebaki vifungo tu, kumbe kitambaa hata mkasi hakijaonja. Sitawatetea wenzangu, nitasema ya kwangu. Mwaka mmoja nilipewa vitenge vya sare ya sendoff, magauni 11. Nilivikata vyote usiku wa kwanza, kwa raha zangu, maana kukata ni kazi tamu. Nikavikunja, nikafunga kila kimoja kwa uzi, nikabandika majina. Vikakaa kwenye rafu wiki tatu. Kila asubuhi navitazama, kifua kinanibana, nafungua redio, naanza kushona mfuko wa shule wa mtoto wa jirani ambao hakuna aliyeuharakisha. Usiku wa kuamkia shughuli nilimaliza magauni saba. Manne yalivaliwa kwa pini. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Alinitazama tu akasema, "Wewe mwanangu una mapepe."

Neno hilo nimelisikia tangu naanza shule. Marehemu bibi yeye alibadilisha herufi moja, akasema ni mapepo. Nikaombewa mara mbili, nikafukizwa ubani mara moja. Simlaumu, alitumia neno alilokuwa nalo. Ila kati ya mapepe na mapepo nimepoteza miaka mingi, kwa sababu lile la kwanza hutibiwa kwa kukaripiwa na la pili kwa kukemewa, na yote mawili hayashoni gauni.

Jina la hospitali nililipata kwa mlango wa nyuma. Mwanangu alikuwa hatulii darasani, tukamwona daktari. Daktari anamuuliza mtoto maswali, mimi huku najibu moyoni. Akanigeukia: "Na wewe mama, ulikuwaje utotoni?" Hali hii hurithiwa sana. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba tofauti kati ya mtu na mtu hutokana na urithi kwa zaidi ya asilimia 70. Inaitwa ADHD, upungufu wa umakini pamoja na kutotulia, na kwa mtu mzima kule kutotulia mara nyingi huhamia ndani. Ukiniona nimekaa, kichwani mwangu kuna stendi ya mabasi.

Daktari aliniambia nikatafute ripoti zangu za shule ya msingi. Nikaona ajabu. Kumbe ili mtu mzima aambiwe ana hali hii, dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla hajatimiza miaka 12. Zamani mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili ulisema miaka 7, ukabadilishwa mwaka 2013. Mama yangu hatupi karatasi, ripoti ikapatikana ndani ya sanduku la kanga. Darasa la nne, mwandiko wa mwalimu: "Ana uwezo. Hatulii. Hupoteza kalamu." Kalamu! Mwalimu wangu alishaandika cheti miaka thelathini kabla ya daktari.

Akanipima na mengine: tezi ya shingo, usingizi, akauliza kama nina sonona, kama nimefiwa. Maana aliyefiwa naye husahau sufuria jikoni. Hapa nawasihi mnaotazama video fupi za simu na kujikuta ndani yake kila usiku: video haikupimi tezi.

Sasa vitabu vya watu wenye ADHD, ndivyo nilivyoitiwa. Mpwa wangu aliyeko ughaibuni alinitumia kimoja, kurasa karibu mia nne. Mtu anayewaandikia kurasa mia nne wasiomaliza kurasa nne ana moyo wa chuma. Sura tatu za kwanza nilizisoma nalia. Kila mstari ni mimi, kana kwamba mwandishi alikaa chini ya meza yangu. Kisha kitabu kikapotea. Nilikitafuta mwezi mzima. Kilikuwa chini ya mguu wa cherehani, kinazuia meza isicheze, na aliyekiweka ni mimi.

Aliyekiokoa ni jirani yangu msusi. Alikuwa na vipindi virefu vya kungoja wateja, akaanza kunisomea huku mimi napiga upindo. Mikono ikiwa na kazi, masikio yangu hutulia. Alisoma polepole, Kiingereza akikigeuza Kiswahili kadiri anavyojua, na akifika mahali asipoelewa tunabishana. Nikagundua kwamba nikisoma peke yangu najiona mle ndani, nafarijika, nafunga, basi. Nikisomewa, kuna mtu ananiuliza: "Haya, hii tunaifanya lini?"

Tukaacha kusoma kuanzia mwanzo. Tunafungua sura ya jambo linalouma wiki hiyo, kurasa mbili, tatu, na hatufungi kitabu kabla ya kutenda kitu kimoja papo hapo. Kitabu kikisema andika majukumu kwenye shajara, sisi tunaandika ukutani kwa chaki, kwa sababu shajara ikifungwa hufa. Kikisema gawa kazi vipande, magauni 11 yanakuwa "leo mikono ya gauni la kwanza". Mengine tuliyaruka bila haya. Vitabu hivi vingi vimeandikiwa mtu mwenye ofisi, katibu na bili zinazojilipa benki. Mimi nina LUKU, umeme wa kununua kabla ya kuutumia. Na LUKU, nisikilizeni, ndiyo msaidizi wangu bora kuliko wote: haikopeshi wala haibembelezi, inazima.

Wakaongezeka wawili, tukawa wanne, kila Alhamisi saa kumi jioni kibandani kwangu. Kila mtu anakuja na kazi aliyoikimbia. Mmoja alileta barua ya kazi aliyoianza tangu Ramadhani. Kila mmoja anataja kwa sauti kitu kimoja kidogo, simu zinaingia kwenye hotpoti, kifuniko kinafungwa, nusu saa kila mtu na lake. Kisha chai, na kila mtu anasema alipofika. Wanaocheza upatu hapa hawahitaji maelezo. Hela ile ungeweza kuiweka nyumbani mwenyewe, lakini hukuiweka. Unaitoa kwa sababu kijumbe anapita, na wenzako wanajua zamu ya nani.

Lakini nisiwadanganye kwamba kukaa pamoja peke yake kunatosha. Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti wa New York. Watu wazima 88 wenye ADHD waligawanywa mafungu mawili, yote yakikutana kwa vikundi kwa wiki 12. Fungu moja lilifundishwa kupanga muda na kazi, lingine lilipewa nafasi ya kuzungumza na kutiana moyo. Waliofundishwa walipata nafuu zaidi. Nilipousoma nilikasirika kidogo, kwa sababu Alhamisi zetu za mwanzo zilikuwa maongezi matupu, na chai. Tulikuwa tunatoka tumefurahi, na rafu zimejaa vile vile. Chaki na hotpoti vilikuja baada ya hapo.

Dawa? Dawa zipo, zinawasaidia wengi, na mwenye kuandika ni daktari. Ile inayojulikana zaidi, methilifenidati, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu, mwaka 2019 na tena 2021, likakataa mara zote mbili. Kwa hiyo akikwambia mtu "kameze dawa tu", muulize ameiona duka gani na kwa bei gani. Mimi nami siwaambii muiache. Anayeipata na inamfaa, aje nayo Alhamisi hivyo hivyo. Dawa inaweza kukukalisha kwenye kiti, lakini haichagui gauni la kuanza nalo.

Kuna jambo la waume na wake, deni la samahani tunazodaiwa nyumbani, hilo nilitaka nil... Eh. Rula imenyanyuka tangu lini? Tangu kwenye LUKU? Na hukunikohoa!

Basi, haya. Mama pale nyuma mwenye kanga ya kijani, mkono wako uko juu muda mrefu. Uliza, na uliza kwa sauti, nisije nikasahau ulichouliza kabla sijakujibu.