Msimbazi mmoja kwa ajili ya Msimbazi

ZAI: Haya jamani karibuni tena, mimi Zai, niko na kaka yangu Baraka ambaye leo kavaa koti utadhani tunarekodi Makete.

BARAKA: Bana acha, mvua imeninyea toka Magomeni.

ZAI: Ndo vizuri, mada yenyewe ni hiyo hiyo mvua. Kuna dogo katutumia voisi nouti, jina simtaji, yuko fomu tuu, anakaa Kigogo hapa Dar, kule kwa chini karibu na mto. Anasema ameangalia sana zile video za wazungu za kujiandaa na majanga, jamaa wana stoo chini ya nyumba, makopo ya maharage ya mwaka mzima, majenereta, mahema, sijui visu vya namna gani, sasa yeye anapewa jero, yaani shilingi mia tano, kwa siku ya kwenda shule, anauliza aanzie wapi kujiandaa na mafuriko. Na akimgusia mama yake anaambiwa aache kuchuria.

BARAKA: Aaah hilo la kuchuria nalijua! Kwetu ukiuliza tu hivi maji yakija tunatokea wapi, unaambiwa funga mdomo usituletee uchuro. Kama vile mto umejibanza dirishani unasikiliza.

ZAI: [anacheka] Kweli kabisa.

BARAKA: Sasa dogo, hizo video achana nazo kwanza. Stoo chini ya nyumba, Kigogo? Hiyo si stoo hiyo, hilo bwawa la kambale. Halafu twende kwenye hesabu. Jero mara siku 20 za shule kwa mwezi ni elfu kumi, msimbazi mmoja.

ZAI: Kwa wanaotusikiliza Mombasa na Nairobi, msimbazi ni noti ya elfu kumi, ile nyekundu, ni mambo ya timu ya Simba ya mtaa wa Msimbazi na jezi yao.

BARAKA: Na mto pia unaitwa Msimbazi, kwa hiyo tunatafuta msimbazi wa kupambana na Msimbazi.

ZAI: Ila asishinde njaa mwezi mzima jamani, mtoto anasoma. Aweke mia mbili kwa siku, ya mihogo ibaki. Mia mbili mara 20 ni elfu nne kwa mwezi, akianza Januari shule zinafunguliwa, mwishoni mwa Machi anayo elfu kumi yake na masika ndo inaingia hiyo.

BARAKA: Hapo sawa. Na kitu cha kwanza kununua wala sio tochi. Ni ndoo ya rangi.

ZAI: Ndoo ya rangi?

BARAKA: Ile ya lita 20 ya plastiki, yenye mfuniko wa kubana mpaka uufungue kwa bisibisi. Ukienda kwa mafundi rangi wanaziuza zikishatumika, yangu niliinunua buku tatu, nikaiosha wee rangi ikagoma kutoka yote lakini haina shida. Ile ndoo ukiifunga vizuri hata ikianguka kwenye maji inaelea na vya ndani havilowi. Na nakwambia hivyo kwa sababu ya 2011.

ZAI: Ebu wasimulie, mi nishaisikia.

BARAKA: Desemba 2011, nadhani wengi mnakumbuka, mvua zilizoua watu zaidi ya 40 hapa Dar, na waliokuwa bondeni wengine wakahamishiwa Mabwepande, nje ya mji. Mi nilikuwa darasa la sita, shule zimefungwa, tumelala. Watu wanadhani maji ya mafuriko yanaingia mlangoni, hapana, kwetu yalianzia chooni. Mama aliamka kwa harufu. Akakanyaga chini, maji ya vifundoni, meusi. Sasa baba anafanya nini, anakimbilia godoro, analipandisha juu ya kabati! Wakati huo brifkesi ya vyeti iko chini ya kitanda, maana kila nyumba ya Kiswahili vyeti vinakaa kwenye brifkesi chini ya kitanda.

ZAI: Kwetu pia, mpaka leo.

BARAKA: Tulipokuja kuifungua asubuhi ni uji. Mama akachukua cheti cha kuzaliwa cha dada, akakiweka katikati ya kanga mbili, akapiga pasi ya mkaa kwa jirani wa juu. Cheti kikakauka vizuri tu, ila jina la dada limehamia kwenye kanga.

ZAI: [anacheka] Jamani!

BARAKA: Tunacheka sasa hivi, lakini dada alihangaika nacho miaka. Godoro lenyewe tulinunua jingine mwezi uliofuata. Kwa hiyo dogo, ndani ya ndoo vyeti vya nyumba nzima, kadi za kliniki za wadogo zako, kadi ya bima kama ipo, karatasi za kiwanja. Azima simu ya mama, piga picha kila kimoja, mtumie shangazi yenu wa mkoani WhatsApp. Hiyo ni bure.

ZAI: Shangazi huyo huyo ndo awe mtu wa kuripoti kwake. Mkipotezana, mtandao wa Dar siku hiyo unakuwa unasumbua, simu haziingii, ila meseji ya kawaida inaweza kupenya. Kila mmoja anamwandikia shangazi wa Dodoma niko sehemu fulani, niko mzima. Na namba yake iandikwe kwa biro kwenye karatasi ikae ndooni, maana siku hizi hakuna anayejua namba ya mtu kichwani, mi mwenyewe namba ya mume wangu siijui.

BARAKA: Asisikie.

ZAI: Anajua. Haya, imebaki elfu saba.

BARAKA: Tochi ndogo ya betri, na betri usiziweke ndani ya tochi, zikae pembeni, zikivuja zinakuharibia tochi. Mshumaa usiweke, watu kumi chumba kimoja na mshumaa ni kutafuta janga la pili. Filimbi, ile ya marefa.

ZAI: Filimbi ya nini sasa?

BARAKA: Dada Zai, mvua ya usiku kwenye mabati umewahi kupiga kelele ukasikika? Sauti inaisha dakika kumi. Filimbi hata bibi anaipuliza.

ZAI: Nimekubali. Kwa wasichana wekeni pakiti ya pedi, hakuna atakayekukumbushia hilo siku hiyo. Na vidonge vya kutibu maji. Mafuriko yakipita kinachofuata ni kipindupindu, vyoo vimetapika kila sehemu na bomba huliamini. Duka la dawa wanavyo, vya bei ya pipi, soma pakiti, vingi vya hapa kwetu kidonge kimoja ni kwa dumu la lita 20 na unasubiri nusu saa. Lakini maji ya matope chuja kwanza kwa kitambaa safi.

BARAKA: Na chupa za maji za lita moja na nusu usitupe. Osha, jaza maji yaliyochemshwa, panga sita uvunguni, hizo lita tisa ni maji ya kunywa ya watu wawili siku mbili, hujatoa hata mia. Badilisha baada ya muda.

ZAI: Ongeza pakiti za ORS, ile ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, na ukikosa kabisa, maji salama lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Chumvi usizidishe, mtoto anaumia.

BARAKA: Hapo msimbazi umekata. Chenji nunua biskuti.

ZAI: Sasa mi nataka nikae kidogo kwenye visivyouzwa, maana dogo anaweza akawa na ndoo nzuri akafa nayo. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu, yaani chini ya nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Watu wa Dar tuna ujasiri wa ajabu, Jangwani pale barabara imefungwa mtu anakunja suruali anavuka ameshika viatu. Na vijana ndo wanakodishwa kuvusha watu mgongoni kwa buku. Dogo, hiyo buku iache.

BARAKA: Mi nimewahi kuifanya hiyo kazi.

ZAI: Najua ndo maana nasema.

BARAKA: Halafu umeme. Ukiona maji yanapanda uani, zima meinswichi kabla hayajaingia ndani. Yakishaingia na umesimama ndani ya maji usiguse kitu, toka. Na mkihamia chumba cha watu juu huko mkafunga madirisha kwa baridi, jiko la mkaa libaki nje, ule moshi usiouona unaua mkiwa usingizini.

ZAI: Na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa msizipuuze, siku hizi zinakuja na rangi. Njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mkiwa bondeni msisubiri nyekundu, ya chungwa tu bibi na watoto walale kwa ndugu wa mlimani. Na usiangalie tu juu kwako kunanyesha, Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, inanyesha Pugu nyie Kigogo mna jua mnaanika nguo, maji yanakuja hivyo hivyo.

BARAKA: Namba ni 114 zimamoto na uokoaji, 112 polisi. Ila ukweli atakayekufikia kwanza ni jirani, kwa hiyo mjue mjumbe wako, ujue nyumba gani ina mzee asiyetembea.

ZAI: Na mama? Maana anaogopa kuchuriwa.

BARAKA: Usimwambie mafuriko. Mwambie mama naomba nipange vyeti vyetu visiliwe na panya. Hakuna mama atakayekataa, atakuletea mpaka cha ndoa.

ZAI: [anacheka] Huyu muongo huyu. Lakini itafanya kazi. Yako bado unayo ile ndoo?

BARAKA: Ipo. Ila shida ya ndoo yenye mfuniko kwenye nyumba za kwetu unaijua, juzi nimeikuta wifi yako ameloweka nguo za mtoto ndani, vyeti viko wapi namuuliza, ananiambia ameviweka pazuri.

ZAI: Wapi?

BARAKA: Kwenye brifkesi. Chini ya kitanda.