Kuruka Tulijua, Kuanguka Hatukujua

Walimu wenzangu, makocha, na nyinyi mabinti mliotoka Mukumu, Lugulu, Malava na kwingineko, hamjambo? Naona wa nyuma mmesimama kwa kukosa viti. Kaeni chini tu, msione haya. Sakafu ndiyo mada yangu leo hapa Kakamega.

Ukimwomba mtu akusimulie historia ya Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake wa Kenya, ataanza na vikombe, na ana haki. Ubingwa wa Afrika tumeutwaa mara 10. Tuliuchukua 1991, tukarudia 1993, 1995 na 1997, mfululizo. Tukaupata tena 2005 na 2007, halafu 2011, 2013 na 2015. Wa 10 ulipatikana 2023 kule Yaoundé, na huo nitaurudia kwa sababu una utamu wake.

Sasa niulizeni habari za Olimpiki. Tumekwenda mara 4: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, na juzi Paris 2024. Hatujashinda hata mechi moja. Tokyo tulicheza mechi 5, Paris 3, na zote tulilazwa seti 3-0. Hizo ni seti 24, na hatukupata hata moja ya kuonja.

Inakuwaje malkia wa bara zima wakivuka bahari wanageuka wanafunzi? Wapo watakaowaambia ni pesa, wengine kimo. Mimi nasema ni magoti. (Kicheko.) Chekeni, lakini nisikilizeni.

Nilijifunza voliboli kwenye kiwanja cha murram, udongo mwekundu wenye changarawe. Wavu wetu ulikuwa umeungwaungwa kwa kamba ya katani hadi mafundo yakakaribia kuwa mengi kuliko matundu. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Mvua ya saa tisa ikinyesha, mistari inafutika, na kama mpira ulitua ndani au nje huamuliwa na mwenye sauti kubwa. Kwenye murram ile nani angekufundisha kupiga mbizi, yaani kujirusha chini kuuokoa mpira? Ujirushe mara moja, jioni unaoshwa goti kwa maji ya chumvi huku umeng'ata kanga. Basi tukajifunza kuruka. Ukiniwekea mpira juu ya wavu niliupiga smashi ukadunda hadi kwenye mahindi ya mwalimu mkuu. Ukianguka hatua mbili mbele yangu, niliutazama ukifa, na wenzangu wakaniambia pole.

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 ungeweza kuishi hivyo. Alama ilikuwa ya anayepiga servisi peke yake, na seti iliishia 15. Ukipoteza mpira wakati servisi ni yako, unaipoteza servisi, hesabu haisogei. Kisha kanuni zikabadilika: kila mpira ukawa na alama, seti ikaenda hadi 25, na akaingia libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti ambaye haruhusiwi kushambulia juu ya wavu. Kazi yake ni sakafu. Vile vikombe 4 vya kwanza tulivichukua chini ya kanuni za zamani. Sisemi kanuni ndizo zilizotuweka tukingoja hadi 2005. Wapinzani nao walikua. Nasema tu kwamba aliyezoea kupokea alinufaika kuliko aliyezoea kuruka.

Marehemu Janet Wanja angenielewa. Alikuwa seta, yule anayewawekea washambuliaji mpira, na alicheza Athens. Seta hula anachopikiwa: pokezi likiwa zuri anachagua mshambuliaji, likiwa baya anaukimbiza mpira kama mtu anayefuata kofia iliyopeperushwa na upepo. Alikwenda Paris akiwa mkufunzi wa mazoezi ya mwili ya timu, na Desemba ya mwaka huohuo akatuacha.

Nikirudi Yaoundé: fainali ya 2017 tulifungwa na Kameruni katika mji huohuo, mbele ya watu wao. Wakatufunga tena fainali za 2019 na 2021. Miaka miwili baadaye tukarudi palepale na kocha Japheth Munala, tukailaza Misri kwenye fainali, na kikombe kikapanda ndege kuja kwetu. Na kwenye Ubingwa wa Dunia mambo si mabaya hivyo: 2018 tuliipiga Kazakhstan seti 3-0, na 2022 Kameruni haohao tukawafanya vivyo hivyo.

Jambo moja pembeni. Nchi hii inajulikana kwa wakimbiaji, lakini Tokyo bendera ilibebwa na Mercy Moim pamoja na Andrew Amonde wa raga, na Paris akaibeba Triza Atuka pamoja na mkimbiaji Omanyala. Mara mbili mfululizo, binti wa voliboli. Hilo halisemwi vya kutosha.

Nilipokuwa nafundisha, niliomba pedi za magoti. Nikajibiwa kwamba pesa zimekwisha kwa viatu vya wavulana. Tukakata sponji ya godoro kuukuu, tukaishonea ndani ya soksi zilizotoboka. Zilinuka, msiniulize. Lakini wiki ya tatu msichana mmoja, aliyekuwa mwoga kuliko wote, alijirusha akauokoa mpira kwa ngumi, kisha akabaki amelala pale akicheka, hataki kuinuka.

Nimeleta magodoro 3, yako nje chini ya mwembe. Aliyevaa saa au hereni avue. Libero watatangulia, washambuliaji mtafuata, na walimu pia, sitaki visingizio vya mgongo. Twendeni upesi, naona wingu limeshafika upande wa Kaimosi.