Maganda ya matunda yakupikie chai: pipa la gesi nyumbani, hapa Goma

Mama zangu, baba zangu, jambo. Niko nyuma ya nyumba, hapa Goma. Haya ni maganda ya ndizi, nanasi na papai niliyookota sokoni asubuhi. Makala tunayowasha kila siku ni miti ya msitu, na haya yanaoza bure njiani. Tuyatie kazi.

Pipa ni hili la plastiki, litre 200, lenye kifuniko cha kukaza. Kwingine watu huchimba shimo. Kwetu chini ni mawe ya volkano, basi pipa likae juu ya ardhi. Lipake rangi nyeusi, liweke kwenye ukuta unaopigwa na jua. Vijidudu vinavyotengeneza gesi vinapenda joto, na usiku wa Goma una baridi.

Toboa matundu matatu. Kwenye kifuniko, tuyo nene ya kulishia, ishuke mpaka karibu na chini. Ubavuni, kwenye robo tatu ya kimo, tuyo ya kutolea maji yaliyozidi. Angalieni hapa vizuri: upande wa ndani tuyo hii inakunjwa kwenda chini ili mdomo wake uzame. Usipoizamisha, gesi yote itapita hapo. Tundu la tatu ni la robine ya gesi, juu kabisa.

Sasa, usianze na maganda. Mimi mara ya kwanza nilijaza nanasi tupu. Pipa likachacha, nikakaa wiki nyingi bila moto. Anza na mavi mabichi ya ng'ombe, ndoo moja kwa ndoo moja ya maji, mpaka maji yaanze kutoka ubavuni. Maji yakiwa na klori, yaache wazi siku nzima kwanza, kwani klori inaua vile vijidudu.

Funga, subiri wiki tatu au nne. Gesi ya mwanzo haiwaki. Nyingi yake ni hewa ileile ya mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini penye volkano na kuua watu, na mazuku mnaijua: itoeni nje, kwenye upepo, kamwe si ndani ya nyumba. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Panapotoa mapovu, panavuja.

Gesi ikishawaka, ndipo ulishe. Katakata maganda madogomadogo, changanya na maji. Wiki ya kwanza konzi mbili kwa siku, kisha panda taratibu hadi kilo moja. Machungwa na ndimu weka kando, mafuta ya maganda yao yanavidhuru vijidudu vyetu. Ukisikia harufu kali ya uchachu, acha kulisha wiki nzima, tia majivu kidogo.

Gesi ihifadhi katika mpira wa ndani wa tairi la lori. Kabla ya jiko, ipitishe kwenye chupa yenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Zinanasa ile harufu ya mayai yaliyooza. Moto uwashe jikoni tu, mbali na pipa. Kiberiti kwanza, halafu fungua robine. Tazameni: bluu!

Pipa hili linatosha chai, maharage hayataiva. Maji yanayotoka ubavuni yachanganye na maji safi, mwagilia mboga za lengalenga.