Siku ya Mwisho ya Maonyesho, na Kwa Nini Sikuuza Haori za Leso

Assalamu alaykum, watazamaji wangu wa Mombasa na kokote mliko. Tangu niweke zile picha za Jumapili ya maonyesho kule London, swali moja limenijia mara nyingi hivi kwamba nimeona ni heshima kulijibu kwa kirefu: ikiwa kila mtu alizisifu haori za leso, yaani makoti ya Kijapani tuliyoshonewa kwa kanga, mbona sikuziuza? Wengine wameuliza kwa upole, wengine wamesema sina akili ya biashara, na mama mmoja wa Majengo, ambaye namheshimu kama shangazi yangu, ameandika kwamba nimeiacha riziki ikapita mbele ya macho yangu. Sikukasirika. Ninachoomba ni kusikilizwa hadi mwisho, maana nikitaja gharama huambiwa nalalamika, na nikionyesha furaha huambiwa najigamba.

Anime, yaani katuni za Kijapani, sitaieleza zaidi, kwa kuwa vijana wa Mombasa wanaijua kunishinda. Maonyesho yenyewe ni MCM Comic Con, ambayo hufanyika mara 2 kwa mwaka, Mei na Oktoba, katika ukumbi wa ExCeL. Si ya anime peke yake, lakini sisi tulishinda upande huo. Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja wa Lamu, mwingine wa Malindi, na msichana wa Kivietinamu ambaye tunakaa naye nyumba moja hapa Leicester. Tulikwenda Jumapili tu, siku ya mwisho, kwa sababu tiketi ya siku moja ni nafuu kuliko ya siku zote 3, na kwa sababu Jumamosi nilikuwa kazini.

Haori ni koti la Kijapani lisilo na vifungo, linalovaliwa juu ya kimono, na hushonwa kwa vipande vilivyonyooka. Mama yangu alinunua leso Mtaa wa Biashara, akampelekea fundi wetu, na fundi alipoona mchoro alicheka akasema kazi hii imezaliwa na leso, kwa kuwa leso nayo ni mstatili na hakuna kitambaa cha kutupa. Pindo aliliweka kwenye ncha za mikono na kwenye upindo wa chini. Mji, yaani sehemu ya kati ya leso, ulikaa katikati ya mgongo, na chini yake jina, yaani msemo wa leso, likasomeka lote bila kukatwa hata herufi moja: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliivaa juu ya gauni jeusi, na hijabu ya rangi ya damu ya mzee badala ya nywele za mhusika wa anime niliyemwigiza.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Mama aliziweka haori zote 4, moja kwa kila mmoja wetu, ndani ya boksi moja, akaandika thamani ya kweli, kama shilingi 12,000, na jina langu peke yangu. Uingereza zawadi inayozidi pauni 39 hutozwa kodi ya asilimia 20, na juu yake kampuni iliyoleta mzigo ikaongeza ada yake. Nililipa pauni 31 kwa zawadi ya mama yangu mwenyewe, na boksi likafika limefunguliwa, limebandikwa utepe upya, haori moja imekunjamana kama kitambaa cha kupangusia. Baadaye ndipo nikajua kwamba kama kila haori ingefungwa peke yake, ikaandikwa jina la anayezawadiwa na kutajwa kivyake kwenye fomu, kila moja ingehesabiwa chini ya zile pauni 39. Pauni 31 ni zaidi ya saa 2 na nusu za kazi yangu, kwani kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mwanafunzi kama mimi haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Na jibu la swali lenu liko katika ruhusa hiyo hiyo. Viza ya mwanafunzi inaniruhusu kuajiriwa, lakini hainiruhusu kujiajiri. Nikikodi meza, au hata nikiuza haori moja kwa faida mkononi, nimefanya biashara, na naweza kupoteza viza ambayo, kabla sijapanda ndege, nililipia ada yake pamoja na mchango wa huduma za afya wa pauni 776 kwa kila mwaka. Ndiyo maana hata video hizi sijaziwekea matangazo. Mimi si mwanasheria, na hali ya mwenye viza ya aina nyingine ni tofauti kabisa, kwa hiyo msichukue maneno yangu mkamfungie ndugu yenu mlango wa riziki. Aulize chuoni kwake kwanza.

Siku yenyewe niliipenda kwa moyo wote. Mchana tulitoka nje tukala mahamri niliyoyakaanga alfajiri, tumeketi kando ya maji ya Royal Victoria, bandari iliyofunguliwa mwaka 1855, ambayo kreni zake za zamani zingali zimesimama. Kwa mtu aliyekua akiziona winchi za bandari ya Kilindini kila alipovuka kivuko cha Likoni, ilikuwa vigumu kumeza. Tulirudi ndani saa tisa, wakati ambapo wauzaji wengine huanza kushusha bei kuliko kurudi na mizigo, na hapo ndipo maswali yalipozidi. Binti mmoja alishika ukingo wa mkono wangu, akaupitisha kidole kwenye pindo polepole, kisha akauliza maandishi ya mgongoni yanasema nini. Nilimweleza. Akauliza bei, nikamwambia haiuzwi. Akauliza tena, akidhani nataka aongeze.

Sikumuuzia. Nilimwandikia jina na nambari ya fundi wetu, baada ya kumpigia simu fundi mwenyewe na kupata idhini yake, ili waelewane wao kwa wao na pesa isipite mkononi mwangu. Kabla hatujafika kituo cha treni, watu 5 walikuwa wameichukua nambari hiyo.

Jana usiku fundi amenitumia ujumbe wa sauti. Wawili wamemwandikia, mmoja ameshatuma vipimo kwa sentimita, naye anapima kwa inchi, na anataka kujua kama upana wa bega aliotumiwa umepimwa juu ya nguo au juu ya mwili. Nimemwambia amuulize mteja wake, na amwambie mama amwonyeshe jinsi fomu ya posta inavyojazwa.