Mwambie Mwongoza Ndege Kwamba Huwezi

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuelewana na waongoza ndege wa mtandaoni, na kwa mikono iliyonyooshwa muda mfupi uliopita, wengi humu mna simyuleta ya urubani nyumbani lakini hamjawahi kujiunga na VATSIM, mtandao ambao marubani wa simyuleta huongozwa na watu halisi kwa redio. Sababu yenu naijua: mnaogopa redio. Kupaa mnaweza, kutua mnaweza, ila ikisikika sauti ya mtu anayeita ndege yako, ulimi unakuwa mzito.

Basi tuanze na huyo mnayemwogopa. VATSIM ilianza mwaka 2001, na waongoza ndege wake wanajitolea tu, hakuna anayelipwa. Wamefundishwa na kupimwa kabla ya kukabidhiwa mnara. Uanachama unaanzia umri wa miaka 13, kwa hiyo anayekutetemesha huenda kesho asubuhi ana mtihani wa hesabu. Sisemi kwa dharau, maana wapo vijana wa umri huo wanaopanga foleni ya ndege angani kwa utulivu ambao watu wazima hatuna. Ninachotaka mjue ni kwamba amekaa pale akisubiri ndege zije. Anafurahi ukitokea.

Kinachomchosha wala si Kiingereza chako cha kuokoteza. Kinachomchosha ni kuitikiwa. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema unajibu "sawa", hewala si utumwa. Mbele ya wazee hiyo ni adabu. Redioni inaleta balaa.

Tuseme uko Dar es Salaam, umeomba kibali cha kwenda Nairobi. Mwongoza ndege anakutajia njia utakayopita, barabara ya kurukia 23, kimo cha kupandia kwanza, na tarakimu nne za transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada yake. Mgeni anajibu: "Roger." Basi. Neno hilo linasema nimesikia, halisemi nimesikia nini. Mwenzako hajui kama umeandika 4521 au 4251, kwa hiyo inabidi aanze upya, na huku kuna wawili wanaosubiri zamu. Kalamu na karatasi ziwe mezani kabla hujabonyeza kitufe. Andika anachosema, kisha umsomee vilevile, umalizie na jina la safari yako. Ikikuponyoka tarakimu moja, omba hiyo moja: "Say again squawk", yaani rudia namba ya transponda. Hakuna atakayekucheka. Na kama sauti inagoma kabisa, andika. Mtandao unaruhusu kuwasiliana kwa maandishi, na wapo wanaofanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Halafu kuna neno ambalo ningependa mlizoee kuliko yote: "unable". Siwezi. Umeambiwa ushuke haraka na ndege yako bado iko juu mno na inakwenda kasi, sema siwezi. Umepewa njia ya kuondokea ambayo haimo kwenye kompyuta ya ndege yako, sema siwezi, utapewa mwelekeo wa kufuata. Anayesema mapema anapangiwa kitu kingine kwa sekunde kumi. Anayeitikia kisha akapotea huwavurugia wote walio nyuma yake.

Kusita kusema wazi kumewahi kuua watu katika urubani wa kweli. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca, safari namba 52, Boeing 707 iliyotoka Kolombia, ilizungushwa angani zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Mafuta yakawa yanakwisha. Rubani msaidizi aliomba kipaumbele, lakini neno "emergency" halikutoka kinywani mwake. Hata baada ya jaribio la kwanza la kutua kushindikana, taarifa kwamba mafuta yanakwisha aliipachika mwishoni mwa jibu la kawaida la kupanda kimo, tena akamalizia kwa "sir". Ndege ikaanguka Cove Neck, na kati ya watu 158 wakafa 73. Siwezi kudai kwamba ni heshima peke yake iliyowaua. Lakini kila nikisoma maneno yale nasikia mtu anayechelea kumsumbua mkubwa.

Sasa ya haraka haraka. Ukikuta uwanja hauna mnara, usikimbilie kusema hakuna mtu. Angalia kama kuna mwongozaji wa anga lote, yule wa Center, kwa sababu yeye huhudumia pia viwanja vilivyo chini yake visivyo na mtu, hadi kibali cha kuwasha injini. Asipokuwepo hata yeye, nenda masafa ya 122.800 utangaze unachofanya. Na kabla ya kubonyeza kitufe, sikiliza kwanza. Wawili wakizungumza kwa pamoja wote husikika kama mlio wa mbu, na mwenzako aliyekuwa akijibu atalazimika kurudia.

Dharura za kuigiza mnazipenda, najua. Zinaruhusiwa, ila mwongoza ndege akikuambia uache, unaacha papo hapo au unajiondoa mtandaoni. Utekaji nyara, ile namba ya transponda 7500, usiuguse kabisa.

Na mkikosana? Atakosea, ni binadamu. Anaweza kukupa barabara ya kurukia yenye upepo wa mgongoni. Uliza mara moja kwa utaratibu. Usibishane hewani, kwa sababu watu kumi wanakusikiliza na yeye hawezi kukujibu huku anapanga ndege. Mtumie ujumbe wa faragha ukishaegesha. Ikiwa kuna matusi, wapo wasimamizi wa mtandao; andika .wallop na maelezo mafupi, wataingia wenyewe. Nimeona ugomvi mwingi ukiisha kwenye ujumbe huo wa faragha, mara nyingine kwa mwongoza ndege kueleza kwamba kulikuwa na ndege nyingine maili tatu mbele ambayo rubani hakuiona kwenye skrini yake.