Kutoka Tangini Hadi Kwenye Glasi: Viwanda vya Bia Havifanani

NEEMA: Karibu tena msikilizaji. Leo viwanda vya bia. Watu wengi huvipanga kwa ukubwa tu: kikubwa, cha kati, kidogo. Kaka Deo, wewe hukubaliani na mpangilio huo.

DEO: Ukubwa ni wa kodi na leseni. Marekani, kwa mfano, chama cha wapika bia huita kiwanda "kidogo kabisa" kikiwa chini ya mapipa 15,000 kwa mwaka, kama lita milioni moja na laki saba na nusu. Lakini mpishi mwenyewe anajiuliza jambo jingine: bia hii itanywewa wapi, na baada ya siku ngapi? Mitambo yote inafuata jibu hilo.

NEEMA: Basi tuanze na umbali mfupi kabisa. Mbege ya Kilimanjaro.

DEO: Pale kilabu ndicho kiwanda. Ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, zinaachwa zichache siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni kuna ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, ukapikwa uji. Vinachanganywa, gome la msesewe linaleta uchungu, kesho yake inanywewa. Ikilala zaidi inakuwa kali na chachu, kwa sababu bakteria wa asidi wanaendelea na kazi. Hakuna anayehitaji kuwazuia, maana wanywaji wako hapohapo.

NEEMA: Chibuku je? Ile imepikwa kiwandani na bado ina uhai.

DEO: Ndiyo maana naipa kundi lake. Ina nafaka, kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, na hamira. Haina hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na haichujwi ikawa angavu. Inaendelea kuchacha ndani ya pakiti, kwa hiyo lazima gesi ipate pa kutokea. Ziba pakiti kabisa, itavimba na kupasuka. Maisha yake ni siku chache, kwa hiyo kiwanda cha namna hii hujengwa karibu na soko.

NEEMA: Tuje kwenye mgahawa unaopika bia yake. Mtu ana tangi la lita 1,000. Anahitaji nini?

DEO: Kimea cha shayiri karibu kilo 200 kwa mpiko mmoja wa bia ya kawaida. Kimea kilichopondwa kinakaa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa moja, kikamuliwe. Machicha yaende kwa wafugaji siku hiyohiyo kabla hayajaoza. Maji matamu yanachemshwa na hopsi saa moja, yapozwe haraka, kisha hamira. Hapo anakutana na hesabu inayowashinda wengi: muda wa tangi. Bia aina ya eli huchacha kwenye nyuzi 20 na wiki mbili inatosha. Bia aina ya laga huchacha kwenye nyuzi 10 hadi 14, kisha ilale kwenye baridi. Tangi limefungwa wiki nne mpaka sita.

NEEMA: Na akiharakisha laga?

DEO: Itanukia siagi. Hamira huitoa harufu hiyo, halafu huila yenyewe ukiipa siku mbili tatu za ziada kwenye joto la juu kidogo. Mwenye haraka anaikata kabla haijala. Kosa la pili ni mirija ya kaunta: isipooshwa kwa soda ya kostiki, dawa kali ya kusafishia, kila wiki mbili, bia nzuri inatoka bombani ikiwa na uchachu.

NEEMA: Kiwanda kikubwa kinaikwepaje shida hii ya muda wa tangi?

DEO: Kinapika bia nzito kuliko itakayouzwa, halafu kinaizimua. Uzito hapa ni kiasi cha sukari ndani yake, na nyuzi zake si za joto. Lita 1,000 za uzito wa nyuzi 16 zinatoa karibu 1,400 za nyuzi 11 na nusu, kwa matangi yaleyale. Ila maji ya kuzimulia yaondolewe hewa kwanza. Oksijeni ikiingia, bia inapata ladha ya boksi lililolowa. Chupa zikishafungwa hupita kwenye handaki la maji ya moto, nyuzi 60 hivi, vijidudu vife. Ndiyo maana kreti inavumilia lori na duka lisilo na friji.

NEEMA: Wapo pia wasio na tangi hata moja.

DEO: Hao wanapikishiwa: mapishi na lebo ni yao, mitambo ya mwingine. Ni njia halali, ila zamu ya tangi anaipanga mwenye kiwanda.

NEEMA: Sasa yule wa mgahawa akitaka kujaza chupa apeleke madukani?

DEO: Amehama kundi, na hapo ndipo nawaomba watu wawe makini sana. Akitegemea gesi itengenezwe ndani ya chupa, gramu 6 au 7 za sukari kwa lita zinatosha. Lakini kwanza apime uzito wa bia siku tatu mfululizo. Ukiendelea kushuka, sukari ya kimea bado ipo. Akifunga hivyo, chupa zitalipuka, na vipande vya kioo vinajeruhi mtu.

NEEMA: Na usafirishaji?

DEO: Baridi tangu mlangoni mwake mpaka kwenye friji ya muuzaji. Duka lisilo na friji asilipelekee.