Nundu Nyuma ya Sikio: mhadhara wa mifupa, Iringa

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Waliotoka Njombe na Mbeya, poleni na safari.

Kabla sijafungua hili sanduku, kila mtu apeleke kidole nyuma ya sikio lake la kulia, chini kidogo. Umegusa nundu ngumu? Haya, geuza uso kushoto, halafu ushushe kidole kwenye shingo, palepale upande wa kulia. Kuna kamba nene imetuna. Inatoka kwenye ile nundu, inashuka mpaka kwenye mtulinga na kidari. Huo ndio msuli unaogeuza kichwa.

Mama pale nyuma mwenye kichanga, nikikuomba umpapase mwanao polepole mahali hapohapo, hutaikuta hiyo nundu. Binadamu hazaliwi nayo. Inakuja kuota mtoto akishaanza kuinua kichwa na kukigeuza, kwa sababu msuli unavuta mfupa kila siku, na mfupa unaitika.

Nimefundisha anatomia miaka mingi, na bado wanafunzi wanakuja wakidhani mifupa ni nguzo za nyumba: umeisimika, imesimama, basi. Mfupa ni kitu hai jamani. Una damu, una mishipa ya fahamu, na kwa mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Daktari mmoja Mjerumani, Julius Wolff, aliliandika hili mwaka 1892: mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Mchezaji wa tenisi, mkono anaoshikia raketi mfupa wake ni mnene kuliko mwenzake. Mgonjwa aliyelala kitandani miezi, mifupa yake inapungua.

Waliofika Isimila wameziona zile nguzo za udongo na mawe. Maji yalipita, yakachonga, na leo ukisimama pale unajua mkondo ulikuwa wapi ingawa korongo ni kavu. Mfupa nao unasomwa hivyohivyo. Palipoinuka, kitu kilivuta. Palipo na mtaro au tundu, kitu kilipita.

Huu hapa ni mfupa wa paja, mrefu kuliko yote mwilini. Hii nundu kubwa ya pembeni mnaijua bila kujua: simama wima, shusha mikono, bonyeza ubavuni mwa nyonga. Sasa nikiugeuza, mgongoni mwake kuna mstari uliokwaruzika unaoshuka kutoka juu mpaka karibu na goti. Pitisha ukucha. Unasikia? Kwingine pote mfupa ni laini kama mpini uliozoea mkono, hapa tu ndipo panakwaruza. Misuli ya ndani ya paja, ile inayobana miguu pamoja, imejishikiza kwenye mstari huo. Mtu wa kupanda na kushuka milima ya Kilolo na kuni mgongoni, mimi sishangai nikikuta mstari wake umesimama kama tuta.

Na hapa katikati kuna kitundu kidogo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama ni dumuzi ameingia! Tulicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Ni mlango wa mshipa wa damu unaoulisha mfupa kwa ndani, nao umeingia kwa mshazari, ukielekea juu, kulipa goti kisogo. Kwa hiyo hata ukipewa kipande tu cha huu mfupa, kitundu kitakuambia upande upi ni wa juu.

Ya kiwiko sitayarefusha. Ukijigonga kwa ndani ukasikia umeme mpaka kidole kidogo, si mfupa ulioumia. Kuna mtaro nyuma ya ile nundu ya ndani, na mshipa wa fahamu umepita humo karibu kabisa na ngozi.

Lakini nyonga lazima niiseme. Nilipokuwa kijana kazini, aliletwa mtoto anayeburuta mguu, wayo unaning'inia. Alikuwa amechomwa sindano ya malaria kwenye tako, mahali fulani, na mtu ambaye hakutafuta mfupa kwanza. Ndani ya tako unapita mshipa wa fahamu mnene, unene wa kidole, unaoshuka mguuni. Ndiyo maana tunawafundisha wauguzi: papasa kingo ya juu ya nyonga, ligawe tako mafungu manne, nenda lile la juu kwa nje. Macho yanadanganywa na mafuta na nguo. Mfupa uko palepale.

Nimalizie na fuvu, maana siwezi kusimama Iringa nikazungumza mifupa nikaruka lile lililohifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga, hapa jirani. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijiua kule Mlambalasi mwaka 1898 asikamatwe nao, kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu. Halikurudi mpaka 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolileta kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Kule yalikuwepo mafuvu mengi. Alichaguaje? Kwa kipimo: upana wa fuvu ugawe kwa urefu wake, zidisha kwa 100, halafu linganisha na vichwa vya ndugu zake. Na lile lililochaguliwa lilikuwa na tundu la risasi.

Kama mwalimu wa mifupa nitasema ninachoamini, wazee mnisamehe. Kile kipimo peke yake hakitoshi, kwa kuwa watu wengi wasiojuana wana kipimo kimoja. Tundu la risasi lina uzito zaidi, kwa sababu linaeleza jambo lililompata mtu fulani siku fulani. Kinachonisumbua mimi ni yale mengine yaliyobaki kwenye rafu. Kila moja lina nundu nyuma ya sikio. Kila moja lilikuwa la mtoto aliyejifunza kuinua kichwa mgongoni kwa mama yake.

Haya, sanduku linazunguka. Mfupa wa paja shikeni mtakavyo. Fuvu, mikono miwili, kwa chini. Asilishike mtu kwa kutia vidole matunduni mwa macho kama mpira wa kuchezea: ukuta wa ndani wa jicho ni mwembamba kama karatasi, ukilielekeza dirishani mwanga unapenya. Anza wewe binti wa mbele. Lielekeze pale, utaona.